Kipimo Alicholeta Danguolė

Alikuja Jumanne, theluji ikiwa magotini,
hakuvua glovu, hakuketi.
Akafungua kiganja: uzi wa sufu, rangi ya maziwa,
fundo moja huku, fundo moja kule.
"Urefu wake," akasema.
Nikaulaza kando ya futikamba. Sentimita ishirini na saba.

Mimi ni fundi wa milango.
Nusu ya Telšiai huingia na kutoka kwa bawaba zangu.
Majeneza nimetengeneza pia, ya watu waliokula wakashiba,
wanaume sita wakaguna chini yao.
Hili lingebebwa kwapani
kama mkate.

Hospitalini walimpa karatasi ya kutia sahihi.
Neno lililoandikwa pale silirudii karakanani mwangu,
ni neno la vitu vinavyokwenda tanurini
pamoja na bandeji na sindano.
Danguolė hakutia sahihi.
Yeye, muuza jibini asiyepandisha sauti
hata akipunjwa chenji,
alikaa kwenye benchi la korido saa tisa nzima
mpaka Genovaitė, muuguzi wa zamu ya usiku,
akamletea mtoto ndani ya taulo:
"Mshike. Bado ni wako."

Nikauliza swali la kipumbavu, swali la fundi:
"La bei gani?"
Akanitazama.
Nikainamia meza yangu.

Nilikuwa na ubao wa mwaloni, urithi wa baba,
umekauka miaka kumi na minane darini
ukingoja kabati la mtu mwenye pesa.
Usiku ule niliuteremsha.
Nikapiga randa, maranda yakajikunja sakafuni,
membamba, taa inapenya.
Mke wangu akasimama mlangoni na chai.
"Unalainisha na ndani? Nani ataona ndani?"
Sikuwa na jibu. Mimi si mtu wa misa ya kila Jumapili;
Padri Algimantas ananijua kwa paa la sakristia
kuliko kwa maungamo.
Lakini mkono ulikataa kusimama.
Ulishajua jambo,
kichwa kikaufuata nyuma kikichechemea.

Niliwaza hivi, msasa mkononi:
wa kwanza kuchafua mikono kwa kazi alikuwa Yeye,
akipiga magoti topeni, akifinyanga,
na hapakuwa na wa kumwuliza
kwa nini ahangaike na kope,
kwa nini kila kidole na mistari yake.
Genovaitė anasema mistari ilikuwa imeanza.
Kucha zilikuwepo, ndogo kuliko punje ya ufuta.
Mtu hapimwi kwa kilo.
Angepimwa kwa kilo, mimi na tumbo hili
ningekuwa mtakatifu.

Ijumaa ardhi ilikuwa chuma.
Mchimba kaburi alikuwa amewasha matairi juu yake usiku kucha
ili ilegee,
kwa shimo la mikono miwili.
Padri akamwita kwa jina alilopewa na wazazi, Tautvydas,
jina refu kuliko sanduku.
Kikongwe mmoja akanong'ona nyuma yangu:
hakubatizwa huyu, sasa ataenda wapi?
Padri akasikia. "Kwa aliyemfanya," akasema.
"Ulidhani amfanye, kisha asimfungulie?"
Kisha akapiga chafya, moshi wa matairi ulikuwa mwingi.

Rimantas, baba yake, dereva wa lori,
mikono kama makoleo,
alilishika sanduku asijue namna ya kuliachia.
Tukangoja. Theluji ikaanza tena.
Hakuna aliyetazama saa.

Uzi ninao. Unaning'inia msumarini
kati ya patasi na msumeno mdogo.
Majuzi mteja mmoja mwenye haraka zake
aliuliza ni kipimo cha dirisha gani.
Nikasema, cha mtu.
"Mtu gani mfupi hivi?"
Nikampa fundo moja alishike.
Akalishika.
Nikaenda na fundo la pili, hatua isiyotimia hatua,
mpaka uzi ukanyooka katikati yetu,
naye akavua kofia.