Ilani ya Jumanne Usiku

Ni mimi niliyeiandika ile ilani.
Ghorofa ya tatu, Kaunas, mwezi wa Novemba,
mvua inakwaruza kioo kama paka aliyefungiwa nje.
Kazi yetu ni kupangisha vyumba visivyo na kuta:
tovuti za watu hulala ndani ya mashine zetu.
Nikaandika: Mpendwa mteja,
katika jitihada zetu za kuboresha huduma
miundombinu itahamishwa.
Huenda pakatokea usumbufu mdogo.
Nikabonyeza. Barua elfu tisa zikaondoka kwa mkupuo.
Nikavaa koti, nikaenda kunywa supu ya bitiruti.

Mdogo.
Neno hilo nililipima kwa kibaba cha nani?

Kule Panevezys kuna mama anaitwa Danguole,
fundi wa kodiani.
Hushona mivukuto iliyochoka pumzi,
huchokonoa vumbi la harusi za zamani chini ya vitufe.
Tovuti yake aliijenga mumewe, Vytenis:
picha kumi na nne, bei, namba ya simu,
na sauti, sekunde ishirini tu,
Vytenis anajaribu kodiani, anakohoa,
anasema, "Bado. Ngoja nianze tena."

Ilani yangu ilifika salama.
Ilifika kwenye sanduku la barua pepe la Vytenis,
aliyekuwa na mwaka wa pili kaburini.
Ikakaa humo na matangazo ya matairi ya theluji,
haijafunguliwa,
na mfumo wetu ukaandika kando ya jina lake:
Amearifiwa.

Danguole alipiga simu siku ya thelathini na tatu.
Nakala za akiba tulizitunza siku thelathini.
Nilimweleza hivyo, kwa adabu, kama msoma karatasi.
Akanyamaza. Kisha akauliza bila hasira,
maana hasira ningeijibu:
"Namba yangu mlikuwa nayo.
Si ilikuwa kwenye ukurasa uleule mliokuwa mnauhamisha?"

Tangu hapo mkono wangu unakataa kuandika "huenda".

Bosi wangu, Audrone, anasema usiwatishe wateja,
ukiwatisha watahama.
Namwambia: waliohamishwa usingizini nao huhama,
tena hawaagi.
Hodi haipigwi mara moja ukavunja mlango.
Piga, ngoja. Piga tena wiki ya pili.
Asipoitika, zunguka dirishani:
ujumbe kwenye simu, karatasi yenye stempu,
muulize jirani kama mwenye nyumba yu hai.

Sasa tunahama tena, Machi.
Safari hii nimeandika:
Jumanne tarehe kumi na nne,
saa nane usiku hadi kumi na moja alfajiri, tovuti yako haitafunguka.
Faili zenye mpangilio wa kale hazitabebwa na mfumo.
Zihamishe mwenyewe kabla ya siku hiyo, la sivyo zitapotea.
Kama hujui namna, nipigie. Jina langu Rimvydas.
Simu hii napokea mwenyewe.
Nakala ya zamani itatunzwa miezi sita.
(Nilidai mwaka. Vikao vitatu, Audrone akakata katikati.)

Wasioifungua walikuwa mia mbili na kumi na wawili.
Nimewapigia mmoja mmoja.
Mmoja alidhani nauza bima.
Mmoja alikuwa akikamua mbuzi, akaniweka sikioni na bega,
nikasikia maziwa yakigonga ndoo wakati nasema tarehe.
Danguole si mteja wetu tena, hayumo kwenye orodha.
Nilimpigia hata hivyo.
Simu iliita mpaka ikakata.

Jana usiku likaja jibu la kwanza kwa maandishi,
la mzee wa Alytus anayeuza mizinga ya nyuki:
"Nimeipata. Mstari wa tatu sijauelewa."

Nimeusoma ule mstari mara saba
huku trolibasi ya mwisho ikipita chini, tupu, taa zote zinawaka.
Hata mimi siuelewi.
Nimeufuta.
Bado. Ngoja nianze tena.