Kivu na Kuvu

Mimi ni fundi wa mawe.
Nimejenga kuta kumi na moja hapa Cimpunda,
kwenye mteremko ambao hata mbuzi hushuka kwa adabu.
Tisa zimebaki. Mbili usiniulize.

Jirani yangu Cibalonza hakuniita.
Alikusanya maganda ya kahawa, vigogo vya migomba,
mabua, makapi ya maharage,
hata maboksi yaliyolowa ya duka la Zihindula,
akavilaza mkingamo juu ya kiraka chake cha lengalenga.
Tukamcheka: mama, umefungua jalala?
Akasema, ninalisha.
Unalisha nini?
Akarudi kwenye jembe lake.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuja usiku kama mdai,
bila hodi.
Kulipokucha ziwa lilikuwa chai ya maziwa
kuanzia mdomo wa mto Kawa,
na rangi ile naijua:
ni shamba la huyu, ni uwanja wa yule,
ni sakafu ya jiko langu.

Kiraka cha Cibalonza kilikuwepo.
Akanishika mkono, akafunua takataka.
Chini, udongo mweusi, na ndani yake nyuzi nyeupe,
nyembamba kuliko za buibui,
zimeshona chembe kwa chembe, chembe kwa mzizi,
mshono ambao fundi cherehani angeuficha kwa wivu.

Akatia donge lake katika kopo la maji.
Nami nikaleta langu, la uani.
Langu likayeyuka kama sukari.
Lake likakaa.
Nilihesabu mpaka mia. Likakaa, linanitazama.

Kuvu, akasema.
Kuvu ile ile iliyokula mkate wetu juzi?
Dada yake. Huyu anakula majani makuukuu,
na akila, anafunga bulongo.

Kivu na kuvu: herufi moja tu.
Ziwa linameza mlima, uzi unaukatalia.

Sisemi uzi umeshinda.
Siku mlima ukiamua kushuka mzima
hakuna fundi, hakuna mama, hakuna ukuta.
Nasema mvua hizi za kila siku,
zinazotuibia kijiko kwa kijiko
huku tumekaa tunasubiri ile kubwa.

Jana mwanangu alitupa maganda ya ndizi njiani.
Nikainama nikayaokota, watu wakiona,
mimi, fundi wa mawe.