Hesabu ya Zamu

Mimi ndiye mgawa hedifoni pale lifti inapotua.
Jozi mia mbili na arobaini. Nimezihesabu mara mbili,
kama tulivyohesabu taa zamu ikitoka:
taa isiyorudi ilikuwa na jina.

Leo sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji.
Huko juu theluji imefika magotini.
Huku chini chumvi haina habari na Desemba,
nyuzi kumi na nne, mwaka nenda mwaka rudi.

Wanashuka tisa tisa, viatu vyeupe, pombe puani.
Bogna, bintiye marehemu Walenty,
amevaa kofia ya gwaride ya babaye,
manyoya meusi ya jogoo yakimwangukia jichoni.

Nyekundu, buluu, kijani:
kila rangi na muziki wake,
na ukumbi kimya.
Chini ya kinara cha chumvi
alichokichonga mtu kwa Jumapili za miaka tisa
nasikia soli tu, shaa, shaa,
na kijana mmoja anayeimba kama mbuzi aliyekabwa,
hajisikii, maskini, kwa hiyo anaimba kwa moyo wote.

Nacheka peke yangu.
Kisha cheko linanikauka,
maana humu tulilelewa na kimya.
Gogo likilia, unasimama, pumzi unaibana.
Mgodi huonya kabla ya kuua.
Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema watu;
la Walenty halikusikia nguzo.
Wiki ile alikuwa na mafua.

Na hawa wameziba masikio kwa hiari yao,
wamelipa na kiingilio,
wanaruka!

Basi napita kandokando, kiganja ukutani,
nawasikilizia.
Lazima mmoja asikilize.

Bogna akaja akitota jasho,
akanivika hedifoni yake bila kuniuliza.
Ngoma ikanigonga mbavuni.
Nikasogeza upande mmoja:
sikio la kulia nikampa yeye,
la kushoto nikalibakiza kwa baba yake,
na magoti, wapumbavu hawa, yakaamua yenyewe.

Saa nane usiku nilihesabu.
Mia mbili thelathini na tisa.
Nikahesabu tena. Vidole vikaanza kunitetemeka,
nikawaita kwa majina watu nisiowajua,
hadi mhudumu wa lifti akaninyooshea kidole shingoni:
ile ya mia mbili na arobaini,
ikiimba bado, sauti nyembamba, kama mbu.