Mkono wa Fundi Umeme

Mkono ule shingoni mwangu
ulikuwa wa Gualtiero, fundi umeme.
Muuaji wa filamu hakufika siku hiyo, alikuwa na mafua.
Gualtiero aliusugua kwanza kwenye suruali, akaupulizia:
"Usishtuke, signorina, vidole vyangu barafu."
Hakunibana. Wino ndio ulionibana baadaye.

Mpiga picha alitaka kinywa wazi, ila kizuri.
"Piga ukelele, lakini usikunje uso.
Wakuonee huruma na uchu kwa pamoja."
Nikapiga ukelele usio na sauti, mara arobaini,
kwa lira elfu thelathini na mkate wa jibini.

Kisha nikabandikwa Torino nzima.
Kwenye kituo cha tramu karibu na kwetu
nilinyongwa tangu Oktoba hadi Kwaresima.
Wanaume wa zamu ya alfajiri
walizimia sigara begani pangu.
Mama alipita chini yangu na kikapu cha vitunguu,
akasema tu: "Gauni lile halikukai."
Hakuna aliyeuliza zaidi. Wala mimi.

Halafu usiku mmoja wa Machi, wasichana wa chuo,
ngazi moja, ndoo moja ya chokaa.
Hawakunifuta mimi. Waliufuta mkono.
Kulipokucha nilikuwa nimesimama, kinywa wazi,
shingo nyeupe pe,
kama mtu mwenye neno na bado analitafuta.
Magazeti yaliwaita wahuni.
Nami nilishuka kwenye tramu, nikajitazama
mpaka nikachelewa kazini.

Leo mabango yale huuzwa na fremu zake
kwenye soko la vitu vikuukuu.
Muuzaji alikuwa amelificha langu nyuma ya viti.
Mirta, mjukuu wangu, miaka saba, ndiye aliyelivuta.
"Mambo ya zamani hayo, mama," mzee akajikohoza,
"siku hizi hayapitishwi."
Haya aliona. Bei hakushusha.

Mirta hakunitambua.
Aliinama, akausoma uso ule
uliosomwa na jiji zima,
akauliza: "Mbona anaita, na hakuna anayekuja?"

Nilitaka kumweleza habari za Gualtiero,
pumzi yake ya kahawa, alivyoniomba radhi,
kwamba ilikuwa kazi tu.
Nikajikuta nafunga vifungo vya blauzi
hadi kile cha juu kabisa,
na ilikuwa Julai.