Taa Juu Kidogo

Nikiichomeka tu, kompyuta inakufa.
Hailalamiki. Skrini inageuka buluu,
maandishi meupe yanapita mbio kama watu waliokutwa na mvua,
kisha giza, na ndani ya giza uso wangu,
miwani puani, jiko la kuni likifuka moshi nyuma yangu.

Ni diski ya Vazha. Nyeusi, nzito kama nusu mche wa sabuni,
ubavuni ina kibandiko chenye mwandiko wake: HARUSI, 2004–2016.
Miaka kumi na miwili alirekodi harusi za watu,
Kutaisi nzima na vijiji vya ng'ambo ya mto Rioni.
Mimi nilikuwa mshika taa.

Nimebadilisha waya. Imekufa.
Nimejaribu tundu la kushoto, la kulia, na lile lililolegea.
Imekufa, imekufa, imekufa.
Nimeiwasha kompyuta kwanza, nikanywa chai, nikaiacha itulie
kama unavyomngoja mgeni avue viatu, ndipo nikachomeka:
ilidumu hadi nilipohesabu saba.
Nikaandika saba pembeni mwa gazeti.
Usiku wa pili, sita. Wa tatu, saba tena.
Mwenye namba hajakata tamaa.

Wifi yangu Tsiala anasema kilichokufa kizikwe.
Fundi wa karibu na soko aliisikiliza sekunde mbili,
akataka lari mia tatu, "na siahidi kitu."
Mkono mtupu haulambwi, najua;
nikairudisha mkobani, ndani ya soksi yake ya sufi.

Ni Gocha, mtoto wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na minne,
aliyeilalia sikio kama mkunga, akafumba macho.
"Shangazi, haiumwi. Ina njaa.
Humo ndani kuna kitu kinazunguka, kinataka umeme,
na kompyuta yako kizee inakipa wote ilio nao
mpaka inaanguka yenyewe."
Nikacheka. Kisha sikucheka.
Niliukumbuka ule mwaka wa hospitali,
mimi na ngazi zake mia na nne,
na siku niliyokalishwa chini na wauguzi, nikapewa maji ya sukari.

Akaleta kisanduku chenye matundu manne
na waya wake wa ukutani.
Diski ile kutoka ukutani, akasema, kompyuta isome tu.
Sita. Saba.
Nane.
Kwenye ishirini tukaacha kuhesabu.

Majina yakashuka kwenye skrini, wawili wawili:
Eteri na Malkhazi, Khatuna na Avto,
wengine wameshaachana, wengine wanalea wazee wa watu Ugiriki.
Yetu haimo. Ingekuwamoje?
Bwana harusi hashiki kamera.

Chini kabisa, folda moja: "mabaki."
Vipande alivyovikata, sekunde tano, sekunde tisa.
Meza inatikisika. Mbwa. Kiatu cha mtu.
Halafu mimi, mkono juu, jasho, nimekunja uso,
na sauti yake nyuma ya kamera:
Manana, taa juu kidogo.
Na taa ilikuwa juu vya kutosha!
Kipande kingine, ukumbi mwingine, gauni lilelile langu la kahawia:
Manana, juu kidogo.
Bibi harusi hayumo hata kwenye kimoja.

Gocha akajifanya anamenya chenza.

Sasa inanakili. Imeandika: zimebaki saa kumi na moja.
Umeme wa mtaa huu hukatika ukipigiwa chafya,
kwa hiyo pasi nimeichomoa, friji nimeizima,
na kiti nimekiweka mlangoni mtu asijikwae kwenye waya.
Naangalia: kumi na moja.
Naangalia tena: kumi na moja.
Kisha, bila sababu yoyote, kumi na tatu.