Genge la Kizingo

Uliandika, Shebughe, kwa ile kalamu yako ya kijani:
"Naishi juu ya genge, bahari iko chini ya miguu."
Mama akauliza, genge gani? La nyanya na vitunguu?
Amepangaje chumba juu ya meza ya mtu?
Baba akacheka hadi chai ikamwagika,
akanyoosha kidole kuelekea Irente:
genge kama lile, mama watoto.
Basi miaka kumi na mmoja tukakuona hivyo,
mdogo kama siafu kwenye ukingo wa dunia,
na mama kila alfajiri
akimwomba Mungu akushike shati kwa nyuma.

Sasa nimefika. Nimesimama Kizingo,
mkoba begani, vumbi la Lungalunga kwenye viatu,
nalitafuta genge lako.
Nikamuuliza muuza mihogo, Mbodze jina lake,
akanyanyua kisu chenye pilipili, akaonyesha nyuma yangu:
"Ndilo hilo, dada. Umelipita."

Minazi miwili, Shebughe!
Mmoja umepanda bega la mwenziwe,
na wa juu tayari kichwa kinachungulia.
Kwetu ukidondosha jiwe Irente
unameza mate, unapiga chafya, unasahau,
ndipo linagonga kule Mazinde.
Hapa nimedondosha kokwa la embe:
chubwi, kabla sijafumba mkono.

Nikanunua muhogo, nikaketi nimenuna.

Lakini jiwe lenyewe si jiwe.
Nimelipapasa: lina matundu, lina mbavu,
kuna chaza amebanwa humo mdomo wazi
kama mtu aliyekatizwa akisalimia.
Iliyokuwa sakafu ya samaki leo ni kibaraza,
watoto wa shule wanaibandika ubani wa kutafuna,
na chini bamvua linaingia mapangoni kimya,
likitoka linakohoa.

Kisha ikapita meli.
Si mbali kama picha ya kalenda. Hapa, puani:
ukuta mwekundu wenye kutu, ndoo, fulana zilizoanikwa,
nikaona mpishi akimwaga maganda ya viazi.
Likoni yote ikafichika nyuma yake,
misikiti, minazi, foleni ya feri,
halafu ikarudi kipande kwa kipande
kama chenji inayohesabiwa kiganjani.
Mbodze hakugeuka hata.
"Hiyo ndogo," akasema.

Kesho yake nikakufuata Mwakirunge,
ambako bahari imekuwa uvumi tu:
vilima vya nyasi, mikorosho, mihindi iliyodumaa,
mbuzi wako kumi na wawili na yule beberu kiwete.
Njia nyekundu, nyekundu ileile ya kwetu,
nikakaribia kulia, nikajizuia
kwa kuhesabu mikorosho. Nilifika arobaini na tatu.

Ulinipokea kwa dafu, ukanitazama usoni.
"Umeenda," ukasema.
"Nimeenda. Ni minazi miwili."
Ukakuna kisogo kama enzi zile ukivunja chungu.
"Zahabu, mimi sijui kuogelea.
Usiku wa kwanza nilikaa pale peke yangu,
taa za meli zikining'inia bila meli,
na kule chini, kweusi, kitu kinapumua.
Sikupima kwa futi. Nilipima kwa tumbo."
Na mbuzi? nikauliza.
"Mbuzi hawapumui hivyo."

Jioni mama akapiga simu.
Sauti inakatika, inarudi, inakatika:
nimeliona genge? Lina uzio?
Wewe umenipa mgongo, unajifanya unatafuta kamba
ambayo beberu anaitafuna mbele ya macho yako.
Ni refu, mama, nikamwambia.
"Kuliko Irente?"

Nikaunusa mkono wangu, bado una ndimu na chumvi.
Subiri mama, nikasema,
mtandao unasumbua.