Ngome ya Racha

Nilikwenda Racha kutazama ngome.
Sikuiona.
Basi lilivunjika gia chini ya mlima,
na Tsiala, mwenye goti bovu na gunia la unga,
akanitwika gunia bila kuniuliza jina.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
ndivyo tusemavyo kwetu.
Tsiala hakungoja ya tatu. Alfajiri alinipa ndoo,
na ng'ombe wake akanipa teke.
Maziwa yakanywewa na matope.
Kuanzia mchana huo kijiji kizima kilinijua:
yule wa teke.

Puri, mkate. Modi, njoo.
Kwa maneno hayo mawili
niliishi siku tisa na sikulala njaa.

Siku ya sita alifariki jirani, Otia.
Hakuna aliyenieleza la kufanya.
Nilibeba viti,
kama nilivyobeba viti msibani kwa baba,
nikavipanga uani, theluji ikianza kudondoka,
na mwanamke nisiyemjua
akanishika kiwiko, akanisogeza jikoni, nimenye vitunguu.
Nikalia. Tukasingizia vitunguu, sote.

Nimerudi na picha moja, ya ndoo.
Rafiki zangu wanauliza: na ngome je?
Nawaambia ilikuwepo, nadhani,
huko juu, ndani ya ukungu.

Wao huniuliza juu ya mawe.
Mimi usiku hujiuliza juu ya goti:
majira ya baridi yameingia,
na unga
nani anambebea?